Mama ana presha, asiambiwe

"Dokta, mama asiambiwe. Ana presha." Kaa kwenye benchi la hospitali yoyote kubwa hapa Dar, maneno haya hutayakosa. Majibu ya kinyama, kile kipande kinachokatwa mwilini kupima saratani, yametoka, kaka mkubwa ameshayachukua, wajomba wamekubaliana: mgonjwa aambiwe ana vidonda vya tumbo. Kisha anapewa rufaa ya Ocean Road, kana kwamba kuna mtu mzima mjini hapa asiyejua kwamba pale wanatibu saratani.

Daktari afanyeje? Wengi hukubali, na siwalaumu sana. Ndugu ndio wanaolipa, ndio wanaoleta uji asubuhi, na ndio watakaofoka mama akizidiwa.

Lakini mwongozo upo. Azimio la Lisbon la Chama cha Madaktari Duniani, la mwaka 1981, linampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake. Linampa pia haki ya kutoelezwa akiomba mwenyewe, isipokuwa pale uhai wa mtu mwingine unapohitaji kulindwa. Nani aambiwe kwa niaba yake, anachagua yeye. Nalipenda kwa hilo: halimlazimishi mama kusikia asichotaka. Kweli, linamruhusu daktari kunyamaza, kwa nadra, akiwa na sababu ya msingi kuamini kwamba habari yenyewe itamdhuru vibaya mgonjwa. Ila presha inayotajwa na mjomba koridoni haijafika huko.

Kwetu, Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalosajili na kuadhibu (hilo "Tanganyika" si kosa, afya si jambo la Muungano, Zanzibar wana baraza lao). Chama cha Madaktari Tanzania, MAT, kilichoanza 1965, ni cha wanachama. Watu huvichanganya. Tukisikia maadili ya daktari, mawazo yetu yanakimbilia rushwa na uzembe, na hili la wajomba linabaki kama jambo la kifamilia.

Mimi ningetaka vyombo hivi viwili vikae na madaktari walio kwenye mafunzo kwa vitendo, maana ndio wanaozongwa na ndugu usiku, viwape hata maneno ya kusema. "Mama, majibu yakitoka tukuambie wewe, au tumwambie nani?" Aulizwe siku ile ile anayochukuliwa kinyama, jibu liandikwe kwenye faili. Wajomba wakija na kikao chao, wajibiwe kwamba mama alishaulizwa.