Alfa peke yake haitoshi
Habari inasema dodoso la matatizo ya mahusiano limejaribiwa kwa wanafunzi wa chuo kikuu na "limefaulu" kwa sababu alfa ya Cronbach iko juu. Polepole jamani! Alfa ni namba inayoonyesha tu kwamba maswali yanakwenda pamoja, yaani majibu yake yanafanana mwelekeo. Dodoso lenyewe, la Horowitz na wenzake la 1988, lilikuwa na maswali 127. Toleo la 1990 lina 64, katika mizani 8 (mafungu ya maswali, kila moja likipima tatizo lake) zinazotakiwa kujipanga kwenye duara, ubabe ukitazamana na kushindwa kujitetea. Je, duara hilo lilionekana kwa wanafunzi hao? Habari haisemi. Halafu swali kama "ni vigumu kwangu kukataa", mmoja atamfikiria mhadhiri, mwingine mchumba (mimi mhadhiri, bila shaka). Watafiti wangewauliza kwanza wanafunzi wenyewe wanalielewaje swali.