Memoir: Tawasifu au Kumbukumbu?

Mzee mmoja wa Nachingwea amejaza daftari la kaunta habari za reli aliyoiona utotoni, ile iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ndoa yake haimo, wala miaka yake ya ualimu. Mjukuu wake wa kidato cha tano aliandika jaladani "Tawasifu", mzee akalikata neno hilo kwa kalamu nyekundu: "Maisha yangu hayakuishia relini, mjukuu wangu." Walipoandika "Kumbukumbu", jirani yao, katibu wa chama cha msingi cha ushirika, aliuliza ni za kikao kipi.

Waingereza wangeliita daftari hilo memoir. Kwao tawasifu kamili hufuata maisha tangu kuzaliwa, ilhali memoir huchukua kipande tu, kiwe vita, ugonjwa au malezi, kikaelezwa jinsi mwandishi anavyokikumbuka.

Wanaotetea tawasifu kama tafsiri ya memoir wana hoja nzito, kwani neno limezoeleka darasani na linakaa vizuri kando ya wasifu. Tena Waingereza wenyewe hawaulindi mpaka huo kwa ukali. Kitabu cha Benjamin Mkapa cha mwaka 2019 kinagusa hata utoto wake Lupaso, Masasi, alikozaliwa mwaka 1938, na bado kwa Kiingereza huitwa memoir. Kichwa chake kikuu kinataja maisha, kichwa kidogo kinasema rais anakumbuka; anayetafuta ushahidi wa upande wowote ataupata kwenye jalada hilohilo.

Udhaifu wa kumbukumbu ndio ule alioudaka katibu: neno hili limo kwenye mihtasari ya vikao, na limo kwenye kona ya barua za serikali kama "Kumb. Na." Hoja hiyo, ambayo kwa muda mrefu niliiona haina jibu, hupungua nguvu ukiutazama ukoo wa memoir. Kwa Kifaransa mémoire likiwa la jinsia ya kike ni uwezo wa kukumbuka, likiwa la kiume ni hati. Na Waingereza walipolipokea, kwanza walimaanisha maandishi ya kuhifadhi jambo lisisahaulike. Lilitoka ofisini, na leo hakuna anayeliulizia kikao.

Kwa hiyo naegemea kumbukumbu, kwa sharti kwamba lisiachwe peke yake, bali litajwe ni kumbukumbu za nini. Neno hili pia linakiri kwamba akili husahau. Mzee ameandika kuwa injini ilikuwa nyekundu; dada yake, aliyesimama naye siku hiyo, anashikilia kuwa ilikuwa nyeusi. Rangi naweza kuwaachia wote wawili, ingawa mwaka na majina ya watu sitayavumilia kwa urahisi huo. Jaladani sasa pameandikwa "Kumbukumbu za Reli", na dada ametengewa ukurasa wake.