Huyu Stelingi Atastaafu Lini?

Jamani, kwetu mtumishi wa umma akifika 60, asante kwa kazi, nenda kapambane na kikokotoo cha pensheni. Jackie Chan kazaliwa Hong Kong, Aprili 1954. Pigeni hesabu. Tangu 2014 alitakiwa awe anafuga kuku. Yeye 2025 katoka na filamu nyingine ya karate, na tabu yote naipata mimi.

Nimeshusha mtungi wa gesi kwenye bajaji, kiuno kikalia ko! Mama watoto hata pole hakutoa, kanyooshea runinga kidole: "Mwenzio huyo, baba nanii, sabini na ushee, anaruka."

Mwenzangu! Tumesoma wapi pamoja? Yule kapelekwa shule ya opera ya Kichina angali mdogo, kakaa kama miaka 10 akichapwa huku akifundishwa sarakasi. Mimi nimechapwa vilevile, sarakasi sikuziona.

Halafu nani kasema ni mzima? Mwaka 1986 huko Yugoslavia kadandia mti, tawi likakatika, fuvu likapasuka. Akiigiza Rumble in the Bronx kavunjika kifundo cha mguu, kafungwa hogo. Wakamvalisha soksi juu ya hogo, soksi ikapakwa rangi ifanane na raba, kazi ikaendelea. Soksi! Mimi hapa kuomba ED, ruhusa ya ugonjwa, ya siku tatu bosi ananiangalia kama nimeiba.

Sisi wa kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video mtaani, tunamjua tangu zamani. Mfalme alikuwa Bruce Lee; Jackie alikuwa wa kupigwa tu. Ile ya Bruce Lee ya 1973, Enter the Dragon, kadakwa nywele, kavunjwa shingo, hata jina humjui. Huyohuyo wa kuvunjwa shingo ndiye 2016 kapewa Oscar ya heshima. Na filamu zake zikiisha, mwenye kibanda akitaka kuzima aingize wengine, benchi zima tunagoma, maana mwishoni ndipo wanapoonyesha alivyoanguka kwelikweli, anavyobebwa, damu inavyomtoka.

Ushahidi wangu wote uko pale. Tatizo mama watoto, adui akishakufa tu, huyo kahamia kwenye tamthilia ya Kituruki. Rimoti kaiweka juu ya kabati. Na mimi kwa kiuno hiki, nani wa kuinuka?