Siku niliyopewa kazi ya kurekodi mechi

Kwanza niseme tu, kwenye nyumba yetu mpiga picha ni mama watoto. Mi nina simu nzuri tu, ina kamera tatu nyuma sijui zote za kazi gani, lakini picha zote za maana za hii familia zimetoka kwenye simu yake yeye, ile yenye kioo kilichopasuka. Mtoto kaota jino, yeye. Mtoto kaanguka na baiskeli, yeye, tena kabla hata hajamwinua. Mi nikipiga, watu wanatoka wamefumba macho au hawana vichwa, na kuna picha moja ya harusi ya mdogo wangu ambayo ni kidole gumba changu mwanzo mwisho, bibi harusi yuko kwenye kona anachungulia kama katokea nyuma ya mlima.

Sasa Jumamosi moja mama watoto akawa kasafiri kikazi, na Jumamosi hiyohiyo dogo ana mechi. Dogo ana miaka 9, anacheza beki, na tangu aanze mpira hajawahi kufunga goli hata la mazoezini, kwahiyo hakuna mtu aliyekuwa anategemea lolote. Ila mama ni mama, akanipigia asubuhi akanipa masharti kama ya mganga: futa kioo cha kamera kabla hujaanza, simu ilaze usiisimamishe, usivute vute zum, halafu akamalizia, "na tafadhali baba, ukiwa unarekodi usiongee." Nikamwambia mama wewe fanya kazi zako, hiki kitu kidogo.

Na nilikuwa najiamini kweli, maana usiku wa kuamkia siku hiyo nilisoma habari za jamaa mmoja anaitwa Philippe Kahn. Tarehe 11 Juni 1997, huko Santa Cruz, California, mke wake yuko leba, na jamaa kakaa hapohapo hospitalini anaunganisha kamera ya dijitali na laptopu na simu ya mkononi, manyaya kila mahali, mtoto alivyozaliwa tu kapiga picha kairusha kwa watu zaidi ya 2,000 muda uleule. Hiyo ndo inatajwa kuwa picha ya kwanza kupigwa na kurushwa kwa watu kupitia simu ya mkononi. Nikajisemea, huyu kaweza na manyaya yake na mke anapiga kelele pembeni, mi mwenye kitufe kimoja nitashindwaje?

Kitufe kimoja. Yakumbukeni hayo maneno.

Nimefika uwanjani, timu zinapasha, nafungua kamera, simu inaniambia nafasi imejaa. Nikaanza kufuta kama nimepagawa. Picha za maua za "asubuhi njema" kutoka grupu la ukoo, futa. Picha 40 za dari alizopiga binti yetu mdogo, futa. Selfi zangu za kutafuta upande mzuri (haupo), futa. Nimefuta kama elfu na kitu hivi, narudi kwenye kamera: nafasi imejaa. Aisee! Kumbe kwenye simu yangu ukifuta picha haiendi popote, inaingia kwenye pipa la taka inakaa siku 30 inakusubiri ujute. Aliyeniokoa ni mama mmoja mzazi mwenzangu, alikuwa kakaa jirani na kiti chake cha kukunja, simu yake kaifunga kwenye stendi ya miguu mitatu, imetulia utadhani anarusha kombe la dunia. Akanionesha pa kulimwagia pipa, wala hakunicheka. Mkumbukeni huyo mama, anarudi.

Jua lilikuwa kali, nikavaa miwani yangu ya jua, ile aina ya kukata mng'ao, nikajiona mpiga picha kamili. Refa kapuliza. Nikabonyeza, nikailaza simu kama nilivyoagizwa, kioo kikawa cheusi tii. Nikaisimamisha wima, uwanja huu hapa naona. Nikailaza, giza. Mtu mwingine hapo angejiuliza. Mimi nikajijibu. Nikasema masimu ya siku hizi yana akili, yakilala yanazima kioo ili yabane betri huku yanarekodi kimyakimya, nikajieleza vizuri kabisa na mwenyewe nikajikubalia. Shida ni kwamba kwa lile giza sikuwa na uhakika kama nilivyobonyeza mwanzo imeshika, basi nikabonyeza tena kidogo, ili ishike vizuri.

Hapo ndo hesabu ilipopinda. Kuanzia dakika ile nikidhani nimewasha nimezima, nikidhani nimezima nimewasha. Mpira ukija upande wa dogo nabonyeza, nasimama kama nguzo, pumzi nimebana, jasho linaingia jichoni na sijifuti, kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya simu ambayo haifanyi kitu chochote. Mpira ukitoka nje nabonyeza, nateremsha mkono, nageukia baba mwingine pale pembeni tunapiga stori. Na stori zangu unajua zilivyo.

Kipindi cha pili, matokeo 1–1, tukapata kona. Kocha akawaambia wote wapande, na dogo akapanda. Sitaki kumpamba mwanangu, lile goli halikuwa la kupanga. Kona imepigwa, mpira umegonga mgongo wa mtu, ukamkuta dogo anageuka kuangalia kitu kingine kabisa nadhani ndege, ukampiga ugokoni, pwaa, ukaanza kuelekea golini. Taratibu. Yaani unaviringika kama mtu anayekwenda kulipa deni. Kipa alikuwa keshajirusha upande mwingine, yuko chini anautazama unavyopita, hakuna wa kuuzuia, na mimi sikuweza kusubiri uvuke mstari, nikabonyeza "kuzima" ili nisije nikaharibu video kwa kukimbia, nikaruka na kelele juu, nikaingia uwanjani.

Sasa watoto wa miaka 9 wakiwa kumi na kitu, jezi moja, vichwa vyote vimenyolewa sawasawa, na wewe una miwani nyeusi na machozi, hebu niambie utamjuaje wako kwa nyuma? Mi niliona mgongo wenye namba 7, nikauvaa. Nikamnyanyua, nikamzungusha, nikambusu utosini, nikapiga ukelele "MWANANGUUU", na yule mtoto kwa adabu zote, miguu inaning'inia, akaniambia sikioni, "Anko, mi siyo wa kwako."

Nikamgeuza. Ni kweli siyo wa kwangu. Namba yenyewe 17, moja ilikuwa imeingia kwenye mkunjo. Wa kwangu alikuwa hatua tatu pembeni, kafungua mikono yote miwili, anasubiri zamu yake. Refa akanionesha njia ya kutokea bila kusema neno.

Jioni nyumbani tukajipanga sebuleni. Mama mkwe kakaa kwenye kochi lake, shemeji, yaani mdogo wake mama watoto, kakaa na remoti, watoto chini, na mama watoto mwenyewe yuko kwenye simu ya video tumemuegemeza kwenye chombo cha maua aione tivii. Nikaunganisha simu yangu na tivii kwa mbwembwe nyingi, nikawaambia tulieni, msiongee, goli la kihistoria hilo linakuja.

Zilikuwa video 14. Ya kwanza sekunde mbili, nusu mbingu nusu kidole. Ya pili, dakika nne za viatu vyangu. Viatu vyangu kwenye nyasi, vinahama kidogo kushoto, vinarudi. Sauti safi kabisa, lazima nikiri, ile simu ina maiki nzuri, na kwa ile sauti safi nikajisikia nikimwambia yule baba pale uwanjani: "Shemeji yangu bwana, alikuja kwa siku mbili, hii wiki ya sita. Remoti anaibana kwapani kama kipima joto."

Nikasema hii siyo yenyewe, tupeleke mbele. Shemeji, ambaye remoti anayo yeye, akaongeza sauti.

"Halafu mama yake anamwita mtoto," viatu vikaendelea. "Oh muacheni mtoto apumzike. Mtoto! Mtoto mwenyewe ana ndevu mpaka hapa."

Kimya. Saa ya ukutani nikaisikia kwa mara ya kwanza tangu tuinunue. Mama mkwe akavua miwani, akaifuta, akairudisha, akaniuliza polepole, "Mkwe wangu, kwani mtoto akiota ndevu anakuwa nani?" Mi sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Kutoka kwenye chombo cha maua nikasikia sauti ya mama watoto, "Baba. Nilikwambia usiongee."

Sitawapitisha zote. Kulikuwa na viatu vya kipindi cha kwanza na viatu vya kipindi cha pili, kulikuwa na goti, kulikuwa na dakika sita ndani ya mfuko wa suruali ambapo naimba. Mechi hamna. Kila mpira unapokaribia tu, video inakatika, inarudi mpira ukishatoka. Ungeniambia nifanye hivyo kwa makusudi nisingeweza, ningekosea angalau mara moja nikarekodi mpira kwa bahati mbaya.

Ya mwisho ndo ilikuwa na mambo. Inaanza na nyasi zinakimbia, mbingu, nyasi, mbingu, sikio la mtoto kubwa limejaa tivii nzima, halafu kwa ubora wa hali ya juu: "Anko, mi siyo wa kwako." Na kwa mbali, sauti ndogo ya mwanangu, "Baba, niko huku."

Dogo akageuka akaniangalia. Hakukasirika, bora angekasirika. Akauliza tu, "Sasa goli liko wapi?"

Shemeji ndo aligundua kilichotokea. Alichukua simu, akavaa miwani yangu, akailaza, akaisimamisha, akailaza, halafu akateleza kwenye kochi mpaka chini, anacheka bila sauti, anapiga sakafu kwa kiganja. Kumbe ile miwani inapitisha mwanga wa upande mmoja tu na inakata ule mwingine, na mwanga unaotoka kwenye kioo cha simu nao umeelekea upande mmoja, ukilaza simu yako na ikawa ni ya aina kama yangu, vinapishana, unaona giza. Simu ilikuwa inawaka muda wote, namba nyekundu za kuhesabu sekunde ziko juu pale, dunia nzima inaziona isipokuwa mimi. Nilimshukuru kwa maelezo. Hayo ndo maongezi yetu pekee ya wiki ile.

Mama watoto hakai na tatizo. Aliwakumbuka wazazi wenzake, akaingia kwenye grupu la wazazi wa timu, akauliza nani ana video ya goli la pili, na jibu likaja ndani ya dakika moja: yule mama wa stendi ya miguu mitatu anayo, mechi nzima, tangu filimbi ya kwanza. Aliongeza na salamu zangu, akasema mwanae bado anamuulizia yule anko aliyembusu. Ndiyo. Namba 17 ni wa kwake.

Tukajipanga tena sebuleni, safari hii mi nikakaa mlangoni. Video imetulia, haitikisiki, rangi nzuri, mstari wa goli unaonekana wote. Kona hiyo. Mgongo wa mtu. Dogo anaangalia ndege. Pwaa, hata mlio wa ugoko unasikika, mama mkwe akashika ugoko wake. Mpira ukaanza safari yake taratibu, sebule nzima imeacha kupumua, umebaki mita moja, umebaki nusu mita, na kutoka upande wa kulia wa tivii kikaingia kichwa.

Kichwa changu kwa nyuma. Nilikuwa naruka. Na kwenye kile kichwa, katikati kabisa, kulikuwa na upara ambao mimi miaka yote nimekuwa nikikataa kwamba upo, nasema ni mwanga tu. Kamera ya yule mama nayo ina akili zake, ikaona kitu kikubwa mbele kinang'aa, ikaachana na goli ikaufokasi ule upara, mpaka vinyweleo vitatu vilivyobaki vikaonekana kimoja kimoja. Kichwa kilivyoondoka, mpira uko ndani ya nyavu, kipa kalala kajishika kichwa, na kule kwa nyuma mwanaume mzima wa miwani ya jua anamzungusha mtoto wa watu.

Tulirudisha mara ngapi sijui. Tulijaribu hata kupunguza kasi, ukaonekana upara unaokwenda polepole.

Dogo ndo akaomba isimamishwe pale, hapohapo katikati, kichwa kimejaa kioo kizima. Akapiga picha ya skrini, ndo kaiweka mbele ya tableti yake mpaka leo. Ukiiangalia vizuri, juu kidogo ya sikio langu la kushoto, kuna kitu cheupe kidogo kama punje. Kila mgeni akija anamvutia pembeni, anakuza kwa vidole viwili, anamwambia, "Umeona hapo? Huu ndo unaingia."