Kauli ya "Msitarajie Makubwa" Imejengwa Juu ya Nini?

"Msitarajie makubwa." Wazazi wengi wa watoto wenye ulemavu wanaikumbuka siku walipoambiwa hivyo na daktari, au walipoambiwa maneno ya ukoo huo huo: hatatembea, hatasema, hatawatambua, nyie bado vijana, tafuteni mwingine. Wakirudi nyumbani wakaendelea kumsemesha mtoto yule yule, kumkalisha kwa mito, kumnyoosha vidole asubuhi na jioni, watu husema bado hawajaikubali hali. Nadhani tunawasoma vibaya.

Niwatendee haki wataalamu kwanza, maana wengi wao hawasemi kwa ukatili. Kwenye mtindio wa ubongo, yaani hali ambapo ubongo uliodhurika mapema unavuruga mwendo wa mwili, kwa mfano, kuna elimu ya kutosha kuhusu mwendo. Mtoto anayekaa mwenyewe bila kushikwa kabla ya kutimiza miaka 2 kwa kawaida huja kutembea. Ambaye hajakaa mpaka miaka 4, ni nadra. Tangu 1997 kuna kipimo cha ngazi 5 cha kuainisha uwezo wa mwendo wa watoto hawa, na utafiti uliofanyika Ontario, Kanada, na kuchapishwa 2002 ulionyesha kwamba wakiwa na miaka 5 hivi hufikia takriban asilimia 90 ya uwezo wa mwendo watakaoupata maishani, na walioathirika zaidi hufika kwenye kilele chao mapema kuliko hapo. Mzazi aliyeelezwa hili vizuri atatafuta kiti kinachomfaa mtoto, asimkoseshe kiti kwa miaka akingojea miguu.

Tena wataalamu wameona tumaini likiuzwa. Kuanzia miaka ya 1960 familia ziliuziwa ratiba za kumchezesha mtoto kichwa, mikono na miguu kwa saa nyingi kila siku, watu kadhaa wakimzunguka mezani, kwa ahadi kwamba ubongo utajipanga upya. Chama cha madaktari wa watoto Marekani kilionya mwaka 1982, na tena 1999, kwamba hakuna ushahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja mbinu ya kumshika mtoto mkono ili aandike, na watoto wenye usonji wasiosema wakaonekana wanatunga sentensi ndefu. Watafiti walipompa mtoto picha moja na msaidizi wake picha nyingine bila msaidizi kujua kwamba zinatofautiana, jibu lililoandikwa lilikuwa la picha ya msaidizi. Fikiria uchungu wa mzazi aliyekuwa akisoma "nakupenda mama" kila jioni.

Hoja hiyo ni nzito na siipunguzi. Ila tazama nani aliyewauzia. Ni watu wenye vyeo na taasisi, waliozungumza kwa uhakika uleule wa wale waliosema hakuna la kufanya. Mzazi alimwamini mtaalamu, na kosa la mtaalamu likaandikwa kwenye hesabu ya mzazi.

Sasa nije kwenye namba ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo lote. Marekani, nusu ya watu wenye sindromu ya Down, yaani waliozaliwa na kromosomu (kifurushi cha vinasaba) moja ya ziada, waliofariki mwaka 1983 walikuwa hawajavuka miaka 25. Kwa waliofariki 1997, umri huo wa katikati ulikuwa 49. Isome tena polepole: katika miaka 14 tu, karibu mara mbili. Kromosomu hiyo ya ziada, ile ambayo mtafiti Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake waliitangaza mwaka 1959, haikubadilika hata chembe, na hakuna dawa iliyoiondoa.

Waliobadilika ni watu waliowazunguka. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na kwa muda mrefu kasoro ambazo madaktari wa upasuaji walizirekebisha kwa watoto wengine ziliachwa kwao. Wengi walilelewa kwenye taasisi, mbali na mtu yeyote ambaye angegundua mapema kwamba leo anapumua tofauti na jana. Mwaka 1982, mjini Bloomington, Indiana, alizaliwa mtoto mwenye sindromu ya Down ambaye umio wake, njia ya kupitisha chakula, haukufika tumboni. Upasuaji wa kurekebisha ulikuwepo, na baadhi ya madaktari waliutaka ufanyike. Daktari aliyemzalisha mama aliwapa wazazi picha ya maisha yasiyo na matarajio, wakakataa upasuaji, mahakama ikawaunga mkono, na mtoto akafa akiwa na siku sita.

Unaona mduara unavyofungika? Daktari anasema mtoto hataishi sana. Kwa kuwa hataishi sana, hafanyiwi upasuaji. Kwa kuwa hakufanyiwa upasuaji, anakufa mapema. Kifo chake kinaingia kwenye takwimu, na daktari wa mwaka unaofuata anaifungua takwimu hiyo na kuwaambia wazazi wengine, kwa uaminifu kabisa, kwamba hawa hawaishi sana. Namba ilikuwa ya kweli. Ilichokipima ni kile watoto walichonyimwa, pamoja na kile walichozaliwa nacho, bila kutenganisha viwili hivyo. Ndiyo maana mzazi akimwambia daktari "wangu mpeni nafasi", simwoni kama mtu anayepingana na sayansi. Anauliza swali ambalo takwimu hazikulijibu.

Hata hali ngumu zaidi zina funzo hili. Trisomi 18, yaani kuzaliwa na kromosomu namba 18 ya ziada, ilizoeleka kuitwa hali isiyopatana na uhai. Utafiti wa watoto waliozaliwa Ontario, uliochapishwa 2016, ulikuta takriban mmoja kati ya kumi alikuwa hai akiwa na miaka 10. Ndiyo, tisa hawakuwepo, na mzazi lazima aambiwe hivyo waziwazi. Lakini mmoja kati ya kumi ni mtoto kamili, na maneno "isiyopatana na uhai" yalikuwa yamemfuta kabla hajazaliwa.

Christy Brown alizaliwa Dublin mwaka 1932 akiwa na mtindio wa ubongo, na madaktari walimwambia mama yake kwamba akili ya mtoto haipo. Akiwa na miaka 5 alinyakua chaki kwa mguu wa kushoto, na baadaye akawa mwandishi na mchoraji. Sipendi hadithi hii inavyotumiwa, kama kwamba kila mtoto anadaiwa kuwa Brown ndipo astahili juhudi. Kinachonigusa kiko nyuma ya chaki: mama alikuwa akimsemesha miaka yote hiyo, bila jibu lolote la kuwaonyesha madaktari. Na makadirio ya leo ni kwamba takriban nusu tu ya wenye mtindio wa ubongo wana ulemavu wa akili. Anayeuona mwili uliokakamaa akatangaza kwamba hakuna mtu ndani, anarusha sarafu juu ya maisha ya mtoto.

Kliniki nayo ina mipaka yake. Mtoto amefika baada ya safari, ana njaa, chumba kigeni, mgeni anamshika kichwa. Anakakamaa, hatazami. Mama anasema nyumbani huwa anageuka akisikia sauti ya baba yake, na anatoa simu kuonyesha video. Mara nyingi video hiyo haimalizwi, kwa sababu foleni ni ndefu.

Sitaki daktari adanganye. Aseme kwamba kutembea ni jambo lisilo na uwezekano mkubwa, na aeleze amelionaje. Aseme asilolijua: jinsi mtoto atakavyowasiliana, atakachokifurahia, atakachokielewa bila kuweza kukionyesha. Aseme mapema kwamba kuna tiba za kuepuka, na kwa nini, kabla muuzaji hajafika. Awape tarehe ya kurudi baada ya miezi sita, maana mtoto wa leo si yule atakayemwona siku hiyo. Halafu aichukue ile simu, akae, aitazame video mpaka mwisho.