Curt Flood na mapigo 1,861

Wanaopinga Curt Flood, mchezaji wa zamani wa St. Louis, kuingizwa katika Jumba la Magwiji wa besiboli ya Marekani kule Cooperstown hawana chuki naye. Wana takwimu: wastani wa kupiga wa .293, homurani 85 (mipira iliyopigwa hadi nje ya uwanja), mapigo salama 1,861 (yaliyomfikisha kituoni). Wapo wachezaji wa nje kadhaa (wanaolinda sehemu ya mbali ya uwanja, kama Flood) wenye rekodi ya aina hiyo, wanasema, na hakuna anayewapigania. Tena wanakumbusha mchezo wa saba wa fainali ya 1968 dhidi ya Detroit. Jim Northrup wa Detroit aliupiga mpira ukapaa kuelekea kwa Flood. Akasogea mbele, akagundua amekosea, akageuka, mguu ukateleza. Pointi mbili zikaingia, na St. Louis ikaukosa ubingwa.

Kwa mizani ya takwimu peke yake, hoja yao ni nzito. Ila hiyo 1,861 haijakaa sawa. Flood alimaliza msimu wa 1969 akiwa na miaka 31. Mwaka huo alipiga 173, akatwaa tuzo ya ulinzi bora, Gold Glove, kwa mara ya saba mfululizo. Misimu mitatu zaidi ya mapigo 150 tu ingemvusha 2,300. Hesabu yake haikukatwa na jeraha wala uzee. Aliikata mwenyewe, akijua.

Oktoba 1969 St. Louis ilimpeleka Philadelphia bila kumuuliza. Mkataba wa enzi hizo ulimfunga mchezaji kwa klabu hata muda wake ukiisha: acheze anakopelekwa, au aache mpira. Flood alikuwa akilipwa dola 90,000 kwa mwaka, na wengi hawakuelewa analalamikia nini. Desemba 24 alimwandikia kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, kwamba, baada ya miaka 12 katika ligi kuu, hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali anachotaka. Kisha akaenda mahakamani.

Marvin Miller, kiongozi wa chama cha wachezaji, alikuwa amemwonya kuwa huenda akashindwa na kupoteza kila kitu. Na ndivyo ilivyokuwa. Jackie Robinson, gwiji aliyekwisha kustaafu, alikuja kumtolea ushahidi. Kati ya waliokuwa bado wanacheza hakuja hata mmoja. Hapo ndipo ninapokwama kila ninaposoma habari hii: kesi ilikuwa yao wote. Msimu wa 1970 Flood hakucheza kabisa, 1971 akacheza michezo 13 tu Washington, na 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamwangusha kwa kura 5 kwa 3.

Wapinzani watasema kifungu hicho cha kumfunga mchezaji kwa klabu kilivunjwa na wachezaji Messersmith na McNally mbele ya msuluhishi Peter Seitz mwaka 1975, si na Flood. Ni kweli. Lakini huyo msuluhishi huru wamiliki walimkubali katika makubaliano ya 1970, wakati Flood akiwa amewafikisha mahakamani, na ni Flood aliyewalazimisha wachezaji kulitazama jambo ambalo kwa miongo walilizoea.

Miller alichaguliwa kuingia Cooperstown Desemba 2019, kwa haki kabisa, bila kuwahi kucheza mchezo hata mmoja wa ligi. Flood, aliyefariki 1997, bado yuko nje, na sababu inayotolewa ni uchache wa mapigo ambayo aliyatoa kwa ajili ya kazi ileile ya kuwapigania wachezaji iliyomwingiza Miller.