Samoa 2021: Bunge kufuli, waziri mkuu kaapishwa kwenye turubai

Jamani hii ya Samoa, nchi ya visiwa kule Pasifiki, mi naona ndo kesi tamu kuliko zote za bunge kusimamishwa, maana chama tawala kilichogoma kutoka kilikuwa na hoja kabisa, kikaiharibu chenyewe.

Uchaguzi wa 9 Aprili HRPP, chama tawala cha Tuilaepa, ilipata viti 25, FAST, chama cha upinzani cha mama Fiame Naomi Mata'afa, 25, mgombea binafsi mmoja akabaki katikati, akienda FAST ni 26 kwa 25. Sasa Tuilaepa waziri mkuu tangu 1998, umwambie afungashe virago kwa kiti kimoja! Tume ya Uchaguzi ikaongeza kiti cha mwanamke wa HRPP, kesho yake yule mgombea binafsi akaenda FAST, ngoma ikawa 26 kwa 26.

Wengi wanadhani kile kiti kilikuwa usanii mtupu. Hapana. Katiba yao inataka wanawake wasipungue 10%, walishinda watano kati ya 51, piga kikokotoo inakuja 9.8, haifiki. Na Mahakama ya Rufaa ilikubali kweli wawe sita, ila hesabu hiyo inapigwa kesi za uchaguzi na chaguzi ndogo zikishaisha. Kosa la Tume ni haraka (na kiti cha kumbeba mwanamke ndo kimziba mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu pale, dah).

Wanaotetea Bunge kusimamishwa wanasema nchi imegawanyika, kesi ziko mahakamani, mwacheni Mkuu wa Nchi (kule si waziri mkuu, ni cheo kingine) atumie busara vumbi litulie. Sikatai. Ila katiba inasema Bunge likutane ndani ya siku 45 baada ya uchaguzi, ya 45 ni Jumatatu 24 Mei, yeye kalisimamisha Jumamosi usiku na sababu eti atazitoa baadaye. Baadaye lini?? Hata mwenye nyumba akikutoa anakwambia kodi imeisha.

Mahakama ikakaa Jumapili, na Samoa Jumapili ni ya kanisa tu, ikafuta amri. Jumatatu Jaji Mkuu kaenda mpaka mlangoni, kufuli. FAST wakafunga turubai hapohapo nje wakaapishana.

Upande wa pili wakaita uhaini, kwamba Mkuu wa Nchi hakuwepo wala Spika. Kisheria ni hoja nzito, sipingi, ila we ndo umefunga mlango afu unalalamika mtu kapitia dirishani? 23 Julai Mahakama ya Rufaa ikasema serikali ya turubai ndo serikali halali tangu 24 Mei, siku tatu mbele Tuilaepa akakubali yaishe.